Kiurdu cha Mlango wa Kambi

Jumamosi iliyopita mlinialika kwenye darasa lenu la Kiingereza nieleze kazi ya ukalimani. Sikuwa hata nimemaliza kusalimu, kijana mmoja wa benchi la nyuma akainua mkono, akaniita Yaya, dada mkubwa, kama mnavyoniita nyote. "Yaya, ile Kihindi yako leo inasaidia nini? Benyewe si balisharudi kwabo?" Darasa zima likacheka. Mwalimu wenu naye akacheka, akijifanya anakohoa. Mimi hasira ikinipanda ulimi hukauka, kwa hiyo nilisema maneno matatu nikakaa. Leo nina daftari, nina kalamu, na hakuna wa kucheka hapa mezani kwangu. Nitajibu.

Kwanza, si Kihindi. Ni Kiurdu. Miaka yote ya kazi yangu karatasi ziliandika "mkalimani wa Kihindi". Kila mara nilimwomba karani afute, na kila karani aliniangalia kama mtu anayelalamika kwamba mvua imemnyeshea bega moja tu. Kwao, mtu yeyote mwenye nywele laini anayekula chapati ni Muhindi, na anachosema ni Kihindi. Basi Mzungu akisema sisi wote tunaongea "Kiafrika", msikasirike.

Kiurdu ni lugha ya taifa la Pakistani. India pia kinasemwa, Delhi, Lucknow, Hyderabad, na wenyewe wa kule hubishana nani anakisema kwa utamu zaidi, kama watu wa Bunia na watu wa Kisangani wanavyobishana juu ya Kiswahili. Utakisikia Uingereza, utakisikia kwenye nchi za Waarabu ambako watu wao wanajenga majumba, utakisikia Kampala nyuma ya kaunta za maduka ambako mama zenu wanakwenda kununua vitenge. Lakini jambo lililonifunga mimi kwenye lugha ile niliambiwa na mpishi mmoja akiwa anakatakata vitunguu. Wengi wa askari wale wa kofia za buluu, Wapakistani wa Umoja wa Mataifa waliokuwa na kambi hapa Bunia, hawakuzaliwa na Kiurdu. Nyumbani kwa mama zao walisema Kipunjabi, Kipashto, Kisindi, Kibaluchi. Kiurdu ni pale wanapokutana. Na neno lenyewe, "urdu", zamani lilikuwa na maana ya kambi ya jeshi.

"Lugha ya kambi, beti," aliniambia. Beti ni binti. "Watu wa kila kabila walilala kambi moja, wakahitaji kuombana chumvi."

Nilimwambia: hicho ndicho Kiswahili chetu. Nyumbani Kialur, Kibira, Kilendu, Kihema, Kindo. Sokoni sote tunaombana chumvi kwa Kiswahili. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Sasa mtauliza mimi nilifikaje kwenye vitunguu vya askari. Sikufika kwa diploma. Niliacha shule darasa la tano. Baba aliuawa njiani akirudi kutoka Nizi, mama akamfuata mwaka uleule kwa ugonjwa, na mimi nilikuwa mkubwa wa watoto watano. Mkubwa wa mayatima hana likizo. Nililima mboga kwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, nikawa nauza lengalenga, yaani mchicha, na nyanya nje ya mlango wa kambi.

Siku moja mpishi mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina alitoka, akachambua bakuli langu lote, hakununua kitu. Akachukua kijiti, akachora mchangani jani lenye vidole vidole. Akanusa hewa, akafumba macho kama mtu anayekumbuka kwao. Nikafikiri anataka dawa ya kichwa. Nilimletea majani ya aina sita kwa siku sita. Siku ya saba nikamletea jani ambalo padri mmoja mzee alikuwa nalo kwenye bustani ya parokia na hakuna mtu mjini aliyekuwa analila. Mpishi alilinusa, akapiga kelele: "Dhaniya!" Nami nikapiga kelele jina nililopewa na padri: "Dania!" Tukasimama pale tunapigiana kelele mbele ya mlinzi mwenye bunduki, tumegundua kwamba neno ni lilelile. Kuanzia hapo nilipanda dania. Askari wakaniita Dhaniya-wali, mwanamke wa dania, na jina langu la ubatizo likapumzika.

Yule mpishi ndiye mwalimu wangu. Jina lake Gul Zaman, nilimwita Chacha, yaani baba mdogo. Alinichukua jikoni, kwanza kuosha masufuria, halafu kupika chai. Alinifundisha hivi: kila asubuhi maneno matano, na jioni nisipoyarudisha nakata vitunguu vyote peke yangu. Nimelia sana kwa sababu ya Kiurdu, na sikuwa na huzuni yoyote.

Mwanzoni niliona lugha nyepesi. Kitabu ni kitab, dunia ni duniya, dawa ni dawa, sabuni ni sabun, habari ni khabar. Maneno ya Kiarabu yalipita huku na kule, yakalala nyumba zote mbili. Nikavimba kichwa. Nikaanza kuwatafsiria wauzaji wenzangu mlangoni, na ndipo nikapata aibu yangu ya kwanza. Mama mmoja alileta magunia mawili ya viazi kutoka kijiji cha Boga. Mweka stoo akaviangalia, akatikisa kichwa upande huu na upande huu, polepole, bila neno. Nikamwambia mama: "Anakataa." Mama akabeba viazi vyake, akalaani ukoo mzima wa yule askari, akaenda zake. Mweka stoo akabaki amefungua mikono: viazi vyangu vinakwenda wapi? Kwao kichwa kikiyumba hivyo ni kukubali. Nilimkimbilia mama yule mpaka mzunguko wa barabara.

Wao pia walikuwa vipofu kwetu. Ukimuuliza mama wa Bunia swali, akakuinulia nyusi mara moja, amekwisha kujibu ndiyo. Askari anabaki anasubiri. Anauliza tena. Mama anainua nyusi tena, sasa na hasira. Nimeona watu wawili wanaokubaliana wakigombana robo saa. Kwa hiyo andikeni: kabla hujafungua mdomo, angalia kichwa, macho na mikono ya mtu. Mnaniambia simu zenu zinatafsiri lugha mia. Sawa. Iambie ikutafsirie nyusi za mama yako.

Kusoma pia alinifundisha yeye. Alichana katoni la unga, akaandika kwa mkaa alif, be, pe, te. Maandishi yao yanatoka kuume kwenda kushoto, na kila neno linateremka kidogo mwishoni, kama njia ya kushuka Kasenyi. Wadogo zangu walinicheka: "Yaya anasoma akirudi nyuma!" Niliwapiga kofi la mapenzi nikaendelea. Mtu aliyenyang'anywa darasa la sita anaijua thamani ya katoni.

Sasa nifike kwa yule mtu ambaye kwa ajili yake mpaka leo nikipita mbele ya ofisi fulani natema mate. Jina simtaji. Tulimwita Shefu Farde, kwa sababu farde, lile jalada la karatasi, halikutoka kwapani mwake hata akienda msalani. Yeye ndiye alikuwa mkuu wa wakalimani. Alikuwa na diploma, Kifaransa chake kiling'aa kama viatu vyake, na Kiurdu hakujua hata salamu. Kwake kazi ilikwenda kwa mnyororo. Mtu wetu anasema Kiswahili. Shefu anageuza kwa Kifaransa. Karani wa ofisi anageuza kwa Kiingereza. Kapiteni mmoja anageuza Kiingereza kwa Kiurdu, kwa ajili ya wale ambao Kiingereza hakikuwafika. Neno linapita midomo minne. Fikirini maji mnayoyahamisha kwenye vikombe vinne mkikimbia: wa mwisho anakunywa nini?

Na Shefu alikuwa na amri moja aliyoipenda kama sala. "Fupisha! Mukubwa hana muda. Unachukua kiini, maganda unaacha." Aliwafundisha hivyo wakalimani wake wote. Mpaka leo mnafundishwa hivyo, nilimsikia mwalimu wenu.

Basi sikilizeni kilichotokea.

Nyuma ya kambi, chini ya kilima, watu waliokimbia vita kutoka Djugu walijenga vibanda vya bashi, turubai zile nyeupe. Walikuwa na chemchem moja. Maji safi, yanatoka chini ya jiwe, bamama walikuwa wameizungushia mawe na kuweka kipande cha bomba. Ilikuwa mali pekee waliyopata tangu wapoteze zote. Siku moja wakaona askari wanapigilia vijiti na kuvuta kamba: kambi inataka kuongeza ukuta upande ule, na mtaro wa msingi utapita juu kidogo ya jiwe. Mtu yeyote aliyelima mlimani anajua: ukikata ardhi juu ya chemchem, mshipa wa maji unageuka.

Wakachagua wajumbe watano. Msemaji alikuwa Mama Love, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kanisani. Wakaja na kuku.

Aliyesimamia ujenzi tulimwita kwa cheo chake cha jeshi, Subedar Sahib, mwanajeshi mkongwe mwenye tumbo na macho ya mkulima. Kiingereza hakukiweza. Basi ukafunguliwa ule mnyororo, chini ya hema, saa sita ya mchana, jua kali. Mimi nilikuwa pale, na sinia ya chai.

Sasa nyinyi ni watoto wa hapa, mnajua mtu wa kwetu anavyoongea akienda kuomba kwa mkubwa. Hawezi kuingia na shida mdomoni kama mtoto anayelilia titi. Anaanza na aksanti. Anashukuru kwa usalama, kwa barabara, kwa dawa, anawataja marehemu, anaulizia wake na watoto wa mkubwa kule kwao. Shida yenyewe anaiacha ndani ya kitambaa. Anaitoa mwisho, amekwisha kusimama, amekwisha kukabidhi kuku, mguu mmoja uko nje. Hapo ndipo kila mzee wa kwetu hutega sikio.

Mama Love alishukuru, nafikiri, kwa muda wa kuchemsha maharage. Shefu alifupisha: wanashukuru. Karani akafupisha: shukrani. Kapiteni akamwambia Subedar Sahib kwa Kiurdu: "Wamefurahi." Mama akaendelea. "Na tena tunashukuru kwa lori yenu iliyobeba mugonjwa wetu..." Shefu: wanazidi kushukuru. Kapiteni akaangalia saa. Shefu akaona kapiteni ameangalia saa, akafunga farde yake, tap!

Mama Love akasimama. Akatoa kuku kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema, taratibu kabisa: "Na sasa, muzee, iko neno moja ndogo. Ile kamba yenu isipite pale juu ya maji yetu. Ikipita, maji itakufa, na siye hatuna ingine. Mupitishe chini, kwenye majani. Ni ile tu."

Shefu alikuwa anapangusa miwani. "Anaaga," akasema kwa Kifaransa. Karani akasema wanaaga. Kapiteni akasema: "Wanaaga, Sahib, na wamekuletea zawadi."

Subedar Sahib akapokea kuku. Akaweka mkono wa kuume kifuani, akainamisha kichwa. Na bamama wale wakapiga vigelegele, kwa sababu kwetu mkubwa akipokea kuku na kuweka mkono moyoni, amekubali. Walishuka kilima wanaimba. Subedar Sahib aliwaangalia akiwa ameguswa, akamwambia kapiteni: "Watu wema sana. Hawakuomba chochote."

Nililisikia hilo kwa Kiurdu. Nilikuwa nimelisikia lile la kwanza kwa Kiswahili. Katika hema lile lote, mimi peke yangu nilikuwa na ncha zote mbili za kamba mkononi. Nikafungua mdomo. Shefu Farde akanitazama, kidogo tu, juu ya miwani. Kazi yangu ya jikoni angeweza kuifuta kwa neno moja. Nikafunga mdomo, nikakusanya vikombe.

Kesho yake wakachimba.

Siku tatu maji yalitoka mekundu. Siku ya nne yalikuwa kama machozi ya mtu anayejikaza. Siku ya tano jiwe lilikuwa kavu. Bamama hawakurudi kulalamika, na hilo ndilo jambo linalonichoma: walifikiri Subedar amewadanganya mchana kweupe, mkono juu ya moyo, na mtu wa namna hiyo utamwendea kusema nini? Wakaanza kwenda mtoni, kule bondeni, mteremko wa udongo wa kuteleza, mvua ndiyo imeanza. Wiki ya pili Mama Love alianguka na bido, dumu la maji, mgongoni. Nyonga ikavunjika.

Habari hiyo aliileta mwuza nyanya mwenzangu mlangoni. Aliisema kama habari ya mvua. "Mama Love amevunjika, juu ya maji." Nilikuwa na sufuria mkononi. Niliiweka chini. Nikamwambia Chacha: "Nakwenda kwa Subedar Sahib."

Alijua kila kitu, nilikuwa nimemsimulia. Alinisihi: "Beti, taratibu. Yeye ni mtu mkubwa. Muulize afya kwanza, muulize nyumba yake, halafu polepole..."

"Hapana, Chacha. Polepole imeshavunja mtu nyonga."

Nilimkuta juu ya mtaro, anapima kwa macho. Nikasema kwa Kiurdu, bila salamu, na Mungu anisamehe: "Sahib, mtaro wako umeua chemchem ya watu wa bashi."

Aligeuka kama ameumwa na nyuki. "Wewe ni yule wa dania. Nani amekufundisha kuongea?"

"Jikoni kwako. Sahib, maji yamekauka. Yule mama aliyekuletea kuku amevunjika akienda mtoni."

"Yule alinishukuru! Alikuja kunishukuru!"

"Alikuja kukuomba usichimbe hapa."

"Hakusema!"

"Alisema. Alisema mwisho, Sahib. Kwetu neno linakuja mwisho, mtu akiwa amesimama. Waliokuwa wanakugeuzia maneno walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani."

Nilidhani atanifukuza. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Halafu akasema kwa sauti ya chini: "Nilimla kuku yule." Akasema tena, kama anamwambia mtu mwingine: "Kwa baba yangu tuna kisima kimoja kwa vijiji viwili. Na mimi nimemla kuku wa watu hawa." Akarusha futi yake ya kupimia ndani ya mtaro, akaita askari wake kwa Kipunjabi, siyo Kiurdu, lugha ya mama, na alichowaambia sikukielewa, lakini waliruka.

Alishuka mwenyewe mpaka kwenye jiwe, akapiga magoti kwenye tope, akaweka kiganja. Akaniita: "Waulize: maji yalikuwa yanakuja upande upi?" Nikauliza. Bamama walijibu, wote pamoja, kwa hasira, na mimi niligeuza kila neno, na matusi pia. Aliyapokea yote akiitikia kwa kichwa. Askari walifukia mtaro ule, wakashindilia udongo, wakapitisha ukuta chini, kwenye majani, pale alipoomba Mama Love. Maji yalirudi, siyo yote. Nusu, labda. Mshipa wa ardhi ukishakatwa haurudi kama zamani.

Mnadhani nilipewa sifa? Shefu Farde aliniita jioni hiyohiyo.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Shefu."

"Weye ni mukalimani?"

"Ni mupishi wa chai."

"Sasa mupishi wa chai anaongea na mukubwa kwa jina ya nani? Unanifanya mimi sijui kazi yangu?"

"Shefu, kazi yako unaijua. Ni Kiurdu hauijue."

Nilifukuzwa kabla jua halijazama. Chacha alinisindikiza mpaka mlangoni akilia hadharani, na wao kulia hawaoni aibu. Nikarudi kuuza mboga. Kikosi kile kilimaliza zamu, kikaja kingine, na mpishi mpya alipofika alikuta ukutani karatasi ya Kiurdu iliyobandikwa kwa unga: "Mlangoni kuna mwanamke wa dania. Maneno yake yanafika mazima. Mwiteni." Waliniita. Safari hii kama mkalimani. Hiyo ndiyo barua pekee ya sifa niliyopata maishani, nayo ilikaa juu ya jiko mpaka moshi ukaila. Shefu naye alipandishwa cheo, akahamishwa ofisi kubwa zaidi. Msitegemee haki ya namna nyingine. Nawaambia ili msije mkashangaa.

Nilifanya kazi hiyo vikosi kwa vikosi, nikasomesha wadogo zangu wote wanne, mpaka kambi ikafungwa na miguu yangu ikakataa kusimama. Kwa hiyo wewe wa benchi la nyuma, ukiuliza Kiurdu kinasaidia nini, nakujibu: kilisaidia jiwe moja litoe maji. Na usipojua lugha ya anayesikiliza, hujui kama amesikia. Na mwalimu wenu akiwaambia mfupishe, mwambieni maganda mengine ndiyo yanashika tunda. Mtu akiongea, usigeuze kabla hajatoka mlangoni. Hasa akiwa mama mwenye kuku.

Lakini hasira yangu sijaimaliza, na haiko kwa Shefu peke yake.

Siku maji yaliporudi nilikwenda kumwona Mama Love kwenye kibanda chake. Alilala juu ya mkeka, mguu umefungwa vijiti. Nilikuwa nimebeba habari njema kama mtu anayebeba keki. Nilimwambia: ukuta umehamishwa, maji yanatoka. Akashika mkono wangu, akaanza: "Aksanti, mutoto yangu. Aksanti kwa ile miguu ilikuleta, aksanti kwa wazazi walikuzaa, Mungu awalaze pema..."

Nikajua anakwenda kuwa mrefu. Na mimi, mjinga, nikamkata, nikicheka: "Mama, leo anza na mwisho. Tumeshaona ile ingine inaleta nini."

Akaniangalia vizuri.

"Sawa," akasema. "Mwisho ni hii. Ile siku ya kuku, weye ulikuwa pale na chai. Kiswahili yangu ulisikia. Na ile luga yao unajua. Juu ya nini ulinyamaza?"

Nilikuwa na sababu nne, na zote zilikuwa nyumbani zikinisubiri na njaa. Sikutaja hata moja. Yeye alikuwa na mguu ule mbele yangu. Nilisema tu: "Niliogopa, Mama."

"Njo hivyo," akasema. Hakuniachia mkono. "Mwisho umekwisha. Sasa kaa, nikushukuru."

Akanishukuru. Alishukuru kwa miguu yangu, kwa wazazi wangu akiwataja kwa majina, kwa dania, kwa yule mzee wa ndevu nyekundu aliyenifundisha, kwa maji ya leo na ya kesho, kwa kila mdogo wangu mmoja mmoja. Ilichukua muda wa kuchemsha maharage. Nami nilikaa chini kwenye udongo, nikasikiliza yote.